Tunapima makopo. Watu je, tuwapime lini?

Muuguzi wa Temeke:
Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kifuani, nalileta tulijadili. Je, serikali ianze kuwapima wakazi wa Dar es Salaam kemikali zilizomo miilini mwao, kwenye damu na mkojo, badala ya kuishia kupima bidhaa? Mimi nasema ianze.

Alikuja wodini dada wa miaka ishirini na kitu, amevimba miguu na kope, mkojo una povu kama la sabuni. Tukapima presha, sukari, malaria, mimba. Siku ya tatu ndipo mama wa usafi akamwuliza, “Mwanangu, unapaka nini?” Dada akatoa kwenye mkoba kikopo kisicho na jina la kiwanda, mkorogo wa kuchanganyiwa dukani. Uso umetakata, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Nikashuku zebaki, madini yanayotiwa kwenye mikorogo mingine. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya hadi kwenye damu na kuumiza figo. Kipimo cha mkojo kingetupa jibu. Hatukuwa nacho, tukamwachisha mkorogo kwa kukisia.

TBS, shirika la viwango, wanakamata vipodozi vyenye sumu, nawashukuru. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Lakini kikopo kilichokorogewa uchochoroni hakipiti bandarini wala maabara. Kinapita mwilini mwa mtu, na huko ndiko hatuangalii.

Mzee wa Ilala:
Binti yangu, nia yako njema, ila unatupeleka kubaya. Zahanati yetu wiki jana haikuwa na glavu. Leo umwambie mama kwamba mwanawe ana risasi, yale madini ya sumu ya kwenye rangi na betri, mikrogramu 6 kwa desilita ya damu. Halafu? Dawa ya kutoa risasi mwilini hupewa mtoto aliyefika 45 huko. Huyu wa 6 utampa nini zaidi ya kumkosesha mama yake usingizi? Fedha hizo zikafanye ukaguzi Kariakoo.

Mpangaji:
Na majibu yatakaa kwa nani? Mwajiri akijua damu yangu ina risasi, atanitibu au atanifukuza? Nauliza tu.

Fundi Rangi, Buguruni:
Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Nyumba za zamani, zile za rangi ya mafuta ambayo huweza kuwa na risasi, lazima ukwangue kwanza, halafu upige msasa mkavu. Vumbi lake ni laini kama unga wa sembe, linaingia mpaka kwenye soksi. Nikifika home mwanangu ananirukia mlangoni, ananyonya kola ya shati langu. Sijawahi kupimwa hata siku moja. Mzee, mimi nataka kujua. Hata kama dawa hakuna, nataka kujua.

Muuguzi wa Temeke:
Shikamoo mzee wangu. Kwenye dawa uko sahihi, huyo wa 6 hana kidonge. Ila mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasema kuanzia 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na hiyo ndiyo tiba yenyewe. Risasi ikishajificha kwenye mifupa hukaa miaka mingi, na ubongo wa mtoto ulioguswa haurudi ulivyokuwa.

Wamarekani walipima damu za watu wao kati ya 1976 na 1980. Wakaona risasi imeshuka kwa karibu asilimia 37, sambamba na kupungua kwa risasi kwenye petroli. Waliokuwa wakibisha kuwa petroli haihusiki wakakosa la kusema. Hapa jirani, Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilifanya kazi katikati ya makazi. Damu za watoto ndizo zilizosema. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikapanda, Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo. Bila vipimo vile wangeenda mahakamani na nini?

Sisemi tupime kila kitu. Kemikali ya plastiki kama BPA hutoka na mkojo ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kukudanganya. Tuanze na risasi na zebaki. Watoto wanaletwa kliniki chanjo ya surua wakiwa na miezi 18. Kidole kioshwe vizuri, maana vumbi la mkononi huharibu jibu, kisha litolewe tone la damu. Vifaa vya kupima risasi vya kubeba mkononi vipo. Kuhusu swali la Mpangaji, majibu yawe ya mpimwaji na daktari wake, mwajiri asiyaguse, na hilo liandikwe kwenye sheria kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Hapo sitarudi nyuma.

Fundi, acha msasa mkavu, lowesha ukuta kwanza. Nguo za kazi zivulie nje, zifuliwe peke yake, uoge ndipo umbebe mtoto. Ana umri gani?

Fundi Rangi, Buguruni:
Mwaka mmoja na miezi miwili, dada.