MREJESHO: Uvimbe wa shingo wa dada, kipimo cha jeni kimetoka

Ndugu zangu, mnakumbuka niliuliza kuhusu dada: uvimbe kwenye tezi ya thairoidi, akachomwa sindano ya kuchukua seli za kupima, majibu yakaja "Bethesda III", haieleweki kama ni saratani au la. Wengi mlinishauri tuombe kipimo cha jeni.

Tumepima. Imeonekana BRAF V600E, yaani badiliko kwenye jeni iitwayo BRAF. Daktari alituchorea nyuma ya bahasha ya majibu: herufi moja tu ya DNA imebadilika, basi seli inaendelea kugawanyika hata bila kuamriwa. Ikionekana hiyo, karibu kila mara ni saratani ya papilari, aina inayopatikana zaidi kwenye thairoidi. Ingekuwa badiliko la jeni nyingine, RAS, tungebaki njia panda, maana hiyo hukutwa hata kwenye uvimbe usio saratani.

Nililia palepale. Kisha nikauliza, ni kali kiasi gani? Akasema BRAF peke yake haitoshi kujibu. Hofu huongezeka ikiambatana na mabadiliko ya jeni nyingine, TERT. Dada hana hayo ya TERT, alhamdulillahi.

Ameshatolewa upande mmoja wa tezi. Sauti ilikuwa imekwama. Jana ameniita kutoka jikoni, nimesikia vizuri kabisa.

Mliouliza kuhusu watoto wake: BRAF hii hairithiwi. Inayoweza kurithiwa ni ya jeni ya RET, kwenye saratani ya medula, aina nyingine ya saratani ya thairoidi, na hapo ndipo familia hupimwa. Asanteni sana.