Chuma, tofali na jiwe ndani ya tanuru: mbona rangi inakuwa moja?

Mhunzi_Kirumba:
Wakuu, heshima kwenu. Nafua nanga na vyuma vya mitumbwi hapa Kirumba, Mwanza, kazi niliyorithi kwa baba. Kuna jambo linanisumbua tangu nikiwa kijana wa kuvuta mvukuto. Tanuru likikolea, nikachungulia kwenye tundu dogo la ubavuni, sioni tena chuma wala tofali wala jiwe. Vyote vimekuwa wekundu mmoja, kingo zimepotea. Nikikitoa chuma nje, magamba yake yanaonekana tena. Baba alinifundisha kusoma rangi: nyekundu iliyofifia, subiri, rangi ya chungwa, gonga, nyeupe yenye cheche, umekiunguza. Kwa nini rangi inafuata moto badala ya kitu chenyewe? Na mbona haipiti kwenye kijani?

Mwalimu_Fizikia:
Mkuu, hilo tundu lako ndilo lililozaa fizikia mpya, na sisemi kukupamba. Kitu cheusi hunywa mwanga mwingi na hutoa mwingi. Kitu cheupe hutoa kidogo, lakini hurudisha mwanga wa majirani zake. Ndani ya tanuru lenye joto sawa pande zote, jumla inalingana, ndiyo maana kingo zinapotea. Mwanafizikia Gustav Kirchhoff alilieleza hili mwaka 1859. Tundu lenyewe aliliona kama kitu cheusi kuliko masizi: mwanga ukiingia hautoki. Tunaliita gimba jeusi.

Miaka ya 1890, huko Charlottenburg pembeni mwa Berlin, Otto Lummer na Ernst Pringsheim walijenga matanuru ya namna hiyo wakapima mwanga wake, rangi kwa rangi. Sasa sikiliza. Hesabu za zamani, ukizifuata hadi mwisho, zinagawia kila wimbi fungu sawa la joto. Mawimbi mafupi hayana idadi, kwa hiyo tanuru lako lingemwaga urujuanimno, yaani mwanga usioonekana uliopita urujuani, usio na kikomo. Haliwezi, na macho yako ni shahidi.

Tarehe 14 Desemba 1900 Max Planck alitoa hesabu iliyokubali vipimo: nishati hutolewa kwa vifurushi, na ukubwa wa kifurushi, kwa jouli, ni marudio ya wimbi (mitetemo yake kwa sekunde) mara 6.626 × 10⁻³⁴. Fikiria mwalo usiouza dagaa chini ya gunia. Mwenye pesa ya kisado anaondoka mikono mitupu. Mwanga wa urujuani huuzwa kwa gunia hivyo, mwekundu huuzwa kwa kisado, na joto la mkaa lina pesa ya kisado.

Kijani kipo, ila kinapofika, nyekundu na njano zimeshajaa, jicho linaona weupe. Hata Jua, lenye nyuzi kama 5,500 usoni, mwanga wake una kilele karibu na kijani.

Mvuvi_Dagaa:
Mwalimu, na karabai? Kile kifuko chake kinachowaka kilikuwa cheupe kuliko chuma chochote.

Mwalimu_Fizikia:
Kaka, kifuko kile si gimba jeusi. Kina oksidi za thoriamu na seriamu, hutoa infraredi (mnururisho wa joto usioonekana) kidogo, hivyo joto halipotei hovyo. Nje ya tanuru kila kitu huonyesha tabia yake. Mhunzi, chukua kigae cheupe chenye ua jeusi, kiweke ndani, uchungulie, kisha ukitoe nje ukitazame kwenye giza.

Mhunzi_Kirumba:
Mwalimu, nimejaribu usiku huu. Ndani, ua lilipotea kabisa. Nimekitoa, kikapasuka kidogo, nikazima taa: ua lilikuwa linawaka kuliko ule weupe! Nimemwita mwanangu aje aone, tumesimama pale mpaka kikapoa.