Tupeane uzoefu: panorama za Mwanza, mawe yasikatike

Kirumba Mwaloni: Wadau, kuna panorama (picha pana ya kuunganisha vipande) ya Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyopandana ziwani Victoria, inazunguka kwenye magrupu. Jiwe la juu lina ufa ambao Mungu hakuuweka. Unatokea wapi? Tupeane uzoefu.

Mzee wa Tripodi: Kamera ikizungukia kwenye skrubu ya tripodi, lenzi inahama, kwa hiyo jiwe la karibu linacheza mbele ya vilima vya ng'ambo ya Kamanga. Programu ya kuunganisha picha haijui ifuate kipi, inakata. Dawa ni reli, kile kibao cha kutelezesha kamera juu ya tripodi: sogeza kamera nyuma mpaka mhimili upite ndani ya lenzi. Kupima, simika fimbo mita 1 mbele yako, ifunike mlingoti wa mbali, kisha geuza kamera kushoto na kulia. Vikiachana, sogeza tena. Kamera isimame wima, picha iwe ndefu kwenda juu. Lenzi ya milimita 50 kwenye fremu kamili (kihisi cha milimita 36 kwa 24) inakupa kama digrii 27 kwa kila picha. Geuza digrii 18 kila hatua ili theluthi moja ipishane, nusu duara inaisha kwa picha 10. Mwanga, fokasi na rangi funga kwa mkono. Ukiacha otomatiki, anga litatoka na mabaka ya mapazia.

Furu: Na polaraiza, ile filta ya kukata mng'ao, itoeni! Inaacha doa jeusi angani.

Simu Tu: Mnatutisha bure. Simu wima, viwiko mbavuni, geuka taratibu. Imeisha.

Mzee wa Tripodi: Kaka, kivuko kikienda upande unaogeukia, simu inakirefusha. Kikija kinyume, inakifupisha.

Simu Tu: Si unasubiri kifike gatini?

Upepo wa Ukerewe: Rusheni droni, mnajitesa.

Nyamagana Juu: Kwa kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kisiwa cha Saanane ni Hifadhi ya Taifa, huko mpaka TANAPA, shirika la hifadhi, waruhusu. Halafu droni iliyorushwa mtumbwini inakumbuka pale ilipoinukia, siyo mtumbwi ulipo. Upepo ukikusukuma mita 60 na betri ikapungua, inarudi "nyumbani" na kutua kwa adabu zote katikati ya maji. Ikiwa chini sana, mawimbi nayo yanavidanganya vihisi vya tumboni. Badilisha sehemu ya kurudia kila mnaposogea, au irushe ufukweni.

Furu: Kwa adabu zote 😂😂

Simu Tu: Sangara wana droni ngapi sasa?

Mzee wa Tripodi: Turudi kwenye mada jamani.

Upepo wa Ukerewe: Mada ni panorama, mzee, siyo tripodi yako.

Binti Bujora: Bulabo je, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma? Nataka uwanja wote, Wagika na Wagalu, yale makundi mawili yanayoshindana kucheza, pamoja.

Nyamagana Juu: Usiunganishe wachezaji, dada. Mmoja atatokea mara mbili, mwingine bila mguu. Piga fremu moja kwa milimita 16, kata juu na chini.

Mzee wa Tripodi: Au kundi lote liingie fremu moja, pembeni ndiyo uunganishe miti na majengo.

Kirumba Mwaloni: Na mawimbi?

Furu: Asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Jua liko mgongoni, jiwe linapata mwanga wa mbele.

Upepo wa Ukerewe: Asubuhi haina soko. Jioni! Filta ya kupunguza mwanga, sekunde 15, maji yanalainika, mshono hauonekani.

Furu: Jioni jiwe ni kivuli tu.

Nyamagana Juu: Kuunganisha, programu ya Hugin ni ya bure. Ukizidi digrii 120 chagua mtandazo wa silinda, ule bapa unavuta pembe za picha. Upeo wa ziwa ukijikunja, weka alama za mstari mlalo juu yake, kisha pangilia upya.