Rejesta ya vibarua, mashine ya vidole na muswada wa ajira: nianze na kipi?

Mwenye Ghala, Busia

Ndugu zangu, ninaendesha ghala la nafaka hapa Busia, upande wa Uganda, nikiwa na wafanyakazi 19 wa kudumu na vibarua wapatao 20 msimu wa mahindi unapochanganya. Tangu mwaka jana vibarua huweka kidole kwenye mashine mlangoni ili tujue siku walizofanya kazi, na kila Jumamosi karani hutuma orodha ya malipo kwenye kundi letu la WhatsApp, jambo ambalo mimi nililiona kuwa uwazi. Juma lililopita kibarua mmoja aliniuliza ni nani aliyeruhusu malipo yake yasomwe na kila mtu, nami nikakosa jibu. Mhasibu ananishauri tusubiri marekebisho ya Sheria ya Ajira kabla ya kuandika mkataba wowote, na wakati huohuo tufute kumbukumbu zote za mashine ili tuwe salama. Je, ushauri huo unasimama?

Afisa Utumishi, Kampala

Ndugu Mwenye Ghala, hausimami hata kwa mguu mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ni ya mwaka 2019, kanuni zake ni za 2021, na inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, awe na benki au kibanda. Unapaswa kujisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na kuhuisha usajili huo kila baada ya miezi 12. Ada yake ni shilingi 100,000, ambayo nadhani ni chini ya thamani ya gunia unalopoteza kwa panya.

Kuhusu orodha ya malipo, sheria hiyo inaweka taarifa za fedha za mtu katika kundi moja la taarifa nyeti pamoja na afya, dini na msimamo wa kisiasa. Mwajiri anaruhusiwa kuzishughulikia pale anapotimiza wajibu aliopewa na sheria, kama vile kukata kodi na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini sijaona wajibu wowote unaomtaka azitangaze kwa wenzake. Kibarua wako aliuliza swali sahihi.

Sasa muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, huo anaousubiri mhasibu wako. Bunge liliupitisha Mei 2023, Rais akaurejesha bila kuutia saini, kwa hiyo yaliyomo kuhusu vibarua, mawakala wa ajira na wafanyakazi wa nyumbani hayakupata nguvu ya sheria kwa kura hiyo ya Bunge. Hata hivyo mhasibu wako anasahau kwamba Kanuni za Ajira za 2011 tayari zinasema mtu hawezi kuwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne: akifanya kazi mfululizo hadi hapo, anastahili mkataba wa maandishi na si kibarua tena. Na kumbukumbu mnazotaka kufuta ndizo zinazoonyesha nani amevuka miezi hiyo. Ukizifuta leo, baada ya kuulizwa swali, afisa wa kazi atakuwa na haki ya kujiuliza ulikuwa unaficha nini. Usifute chochote.

Karani Mstaafu, Mbale

Hapo kwenye "chochote" ningemsahihisha kidogo ndugu wa Kampala. Siku za kazi na alama ya kidole ni vitu viwili tofauti, ingawa mashine imeviweka pamoja. Mahudhurio yachapishe, yatie sahihi, yatunze. Lakini alama ya kidole cha mtu aliyeondoka zamani haina kazi tena, na sheria inakataza kuhifadhi taarifa kuliko muda unaohitajika kwa lengo lililofanya zikusanywe.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini. Unajihesabu 19, lakini kibarua naye ni mfanyakazi, na msimu wa mahindi unakupeleka mbali zaidi ya hapo.

Mwenye Ghala, Busia

Nashukuru, wazee wangu. Orodha imeondolewa kwenye kundi, na kila mmoja atapewa karatasi yake mkononi. Nimewahesabu pia: saba wamevuka miezi minne. Ila fundi wa mashine ananiambia kumbukumbu hazikai hapa, zinatunzwa kwenye kompyuta za kampuni yake nje ya nchi.

Afisa Utumishi, Kampala

Basi kabla ya kuchapisha chochote mpigie fundi huyo, umwombe mkataba wa huduma na jina la nchi. Taarifa zikitunzwa nje ya Uganda, ni lazima nchi hiyo iwe na ulinzi usiopungua ule wa sheria yetu, au wenye taarifa wenyewe wawe wameridhia. Wale saba waandikie mikataba juma hili, na suala la ridhaa uwaeleze siku hiyohiyo kwa lugha wanayoielewa, katika karatasi ya peke yake.