Utani wa makabila msibani: tupeane uzoefu, unafanywaje na unaharibikia wapi?

Mwanzisha mada: Wakuu, vijana wengi watani wanaowajua ni Simba na Yanga tu. Wakimwona mtani wa kabila msibani wanadhani ni mlevi. Wajuzi, wekeni taratibu.

Mlina Asali: Anzeni na jozi, yaani makabila mawili yanayotaniana. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, hakuna aliyemmaliza mwenzake, leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutanishwa na misafara ya pembe za ndovu kuelekea pwani. Wapare na Wachaga ni ujirani wa milimani. Mtani hujichagulii, unamrithi. Bila jozi, hayo ni matusi.

Bibi Kilolo: Msibani mtani anatoa pole kwanza kama watu wote. Halafu anavaa koti la marehemu, anaigiza alivyotembea, alivyokohoa, alivyogombania chenji dukani. Jeneza likitaka kutoka, anajilaza mlangoni: "Huyu haendi popote, ana deni langu!" Wafiwa wanatoa chochote, elfu moja, elfu mbili, hata kuku, naye anapisha. Kwa hiyo ukoo uteue mtu mmoja mwenye noti ndogo ndogo mfukoni. Mkianza kutafutana hapo mlangoni, ratiba ya mazishi imeharibika na padri anaangalia saa.

Tena mtani huyohuyo ndiye wa kushika jembe kaburini, kuchota maji, kupasua kuni. Aliyechekesha, akala, akaondoka, huyo alifuata ubwabwa.

Same Juu: Mipaka jamani. Mpare na kesi zake, Mchaga na hela zake, ruksa. Vituko vya marehemu, ruksa. Ugonjwa uliomuua, ugomvi wa ndoa, mtoto wa nje, usiguse. Msiba wa mtoto, funga mdomo ufanye kazi.

Mwanzisha mada: Na ofisini je?

Mlina Asali: Huko ndiko unakoharibikia. Utani ni kujibizana. Bosi akimtania mhudumu, yule atajibu nini na mkataba unaisha mwezi ujao? Kwenye magrupu ya WhatsApp ni hatari zaidi: uso hauonekani, na meseji inarushwa kwa watu wasio wa jozi, wanaisoma kama chuki.

Bibi Kilolo: Nyongeza: mtani akikuudhi usimnunie. Ngoja msiba uwe kwake.