Mrejesho: Wenzangu kazini wanaotukana kwa vitu vya altareni

Wapendwa, niliwauliza nifanyeje, maana kwenye ghala ninapofanya kazi Montreal, mji wa jimbo la Quebec nchini Kanada, boksi likidondoka mtu anafoka "tabarnak!", "câlice!", "ostie!". Kwa Mkatoliki inachoma: hizo ni tabernakulo (kisanduku kitakatifu cha kutunzia hostia), kalisi (kikombe cha divai ya Misa) na hostia (mkate wa Misa tunaoamini ni Mwili wa Kristo).

Nilifuata ushauri wa kutomkemea mtu mbele za wenzake. Wakati wa mapumziko nilimfuata mzee mmoja wa zamu yetu, nikamweleza kwa upole hostia kwangu ni nini. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema bibi yake alisali rozari kila jioni. Akanisimulia jinsi Kanisa lilivyoshika shule, hospitali, karibu kila kitu Quebec hadi miaka ya 1960, na watu wakabaki na hasira. Sikuwa najua hilo, na uchungu wangu ukageuka huruma palepale.

Hajaacha kabisa, ila nikiwepo anajizuia. Mimi nikisikia, nasema kimoyomoyo "Mungu atukuzwe, jina lake takatifu litukuzwe", sala ya malipizi, yaani ya kumfidia Mungu kwa makufuru ya watu, iliyotungwa na padre Mjesuiti Luigi Felici mwaka 1797. Aliyenikumbusha sala hiyo, Mungu akubariki sana. Jumapili hii namwombea mzee yule, pamoja na bibi yake.