Starlet yenye 4E-FE: moshi wa bluu asubuhi. Nifungue injini au nitafute nyingine?

Mwendo Pole
Wakuu, nina Starlet EP82, injini 4E-FE, cc 1331, valvu 16. Nimekaa nayo miaka sita. Sasa inakunywa oili, lita moja haimalizi kilomita 1,000. Nikiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu kama dakika moja, halafu unakata na siuoni tena kutwa nzima. Likisimama, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka kama kuna mtu anachezea mafuta. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme, linamisi, yaani linakosa moto na kukatakata, mpaka naona aibu.
Fundi kasikiliza tu akasema ringi za pistoni zimekwisha, tafuta injini nyingine. Huyohuyo mwaka jana aliing'oa tamostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, eti haina kazi. Nishaurini.

Spana Namba Kumi
Mkuu, usinunue injini kwa ugonjwa ambao hujaupima.
Moshi una saa zake. Ukitoka gari likiwashwa baada ya kulala, kisha ukakata, mimi naishuku kwanza sili ya valvu, raba inayozuia oili isiingie kwenye silinda. Raba hiyo inakauka inakuwa ngumu kama kucha, oili inachuruzika usiku kwenye shina la valvu na kukusubiri. Ringi zikichoka, moshi unakufuata njiani, hasa ukikanyaga kupanda mlima. Shuka mteremko mrefu ukiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, halafu kanyaga ghafla huku ukiangalia kioo. Likitoka wingu la bluu, ni sili.
Misi ni kesi nyingine. Chomoa waya za plagi uangalie ncha zake. Zikiwa zimeloa oili, raba za mashimo ya plagi kwenye kava ya valvu zimekufa. Usiku wa giza fungua boneti, injini ikiwa inaunguruma, pulizia waya na kofia ya distributa (kigawa umeme wa plagi) maji kidogo kama ukungu. Ukiona cheche za bluu zinaruka nje, umempata mwizi wako wa mvua. Mikono weka mbali, umeme ule hauna utani.
Kwenye tamostati ndipo nilipokasirika. Inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaamini bado ni asubuhi, inamwaga petroli nyingi na kupandisha sailensi. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Halafu mtu huyohuyo anakwambia ringi zimekwisha! Irudishe kabla ya jambo lolote, kisha safisha valvu ya sailensi pale kwenye throto, njia ya hewa ya injini, hujaa masizi.

Tairi Kipara
Weka injini ya 5E-FE tu, umalize. Ni ukoo mmoja: kipenyo cha silinda kilekile mm 74, ila pistoni inasafiri mm 87 badala ya 77.4, ndiyo unapata cc 1497. Nguvu ya chini inaongezeka, unaisikia kwenye mlima.

Spana Namba Kumi
Na 5E kuukuu nayo ina sili kuukuu. Utahamisha moshi tu.

Mwendo Pole
Nimerudi. Mgandamizo injini ikiwa ya moto, mafuta nimekanyaga mpaka chini: psi 170, 165, 160, 168. Mashimo ya plagi namba 2 na 3 yamejaa oili. Kofia ya distributa ina ufa mwembamba kama unywele. Mteremko nimeujaribu, wingu limetoka, dereva wa nyuma kanipigia honi. Tamostati mpya imeingia na sailensi imetulia nusu.

Spana Namba Kumi
Namba zimekaribiana, mimi injini hiyo siifungui. Ila nisikudanganye: mgandamizo unapima ringi za juu. Ringi ya oili inaweza kuganda kwa masizi na namba zikabaki nzuri, kwa hiyo ukibadilisha sili na oili bado inapungua, tutaongea tena.
Sili zinabadilishwa bila kushusha silinda hedi. Pistoni ikiwa chini kidogo, ingiza kamba laini kwenye tundu la plagi, izungushe injini kwa mkono mpaka ikaze. Kamba inazishikilia valvu zisidumbukie. Mkanda wa taiming unazungusha kemshafti (shafti inayofungua valvu) moja, ya pili inafuata kwa gia, na gia hiyo ina nyingine ndogo yenye springi. Ifunge kwa boluti kabla ya kulegeza chochote. Mafundi wengi wanaruka hapo, kisha wanashangaa kemshafti haikai. Kama mkanda umeshapita kilomita 100,000, badilisha humo humo.
Distributa itie alama ya rangi kabla ya kuitoa, na oringi yake, raba ya duara, ibadilishe, maana huvujisha. Plagi mpya pengo mm 1.1.

Mwendo Pole
Fundi anauliza kamba ya nini.

Spana Namba Kumi
Tafuta fundi mwingine.